Nilivyojifunza kusoma ardhi ya mgodi wa makaa iliyorudishiwa majani

Siku ya kwanza kupelekwa kwenye mgodi wa makaa ya mawe uliokwisha kufukiwa nilidhani tumepotea njia. Ilikuwa Kentucky mashariki, kwenye milima ya Appalachia, majira ya kuchipua mwaka 2008, na mbele yetu kulikuwa na mteremko mpana umejaa majani mabichi yanafika magotini, hakuna jiwe linaloonekana, hakuna korongo, ukitazama kwa mbali unasema hapa hapajawahi kuguswa. Tulikuja kupanda miche ya mialoni. Nikapewa mtaimbo wa kupandia, ule wenye bapa kule chini, unaupiga ardhini, unausukuma kwa mguu, unapata kitundu, unaingiza mzizi, unafunga. Nikapiga. Mtaimbo ukadunda. Nikapiga tena kwa nguvu zote ukaingia kama vidole viwili hivi halafu ukagoma, mikono ikafa ganzi hadi begani. Nikapiga magoti nikang'oa bonge la yale majani nione shida iko wapi, nikakuta mizizi imejisokota kama mkeka, na chini ya mkeka kifusi kimeshindiliwa kigumu kama barabara.

Mzee aliyekuwa anasimamia kundi letu alishaendesha buldoza miaka mingi kabla hajaingia kwenye mambo ya miti. Akaja akasimama pembeni yangu, akaangalia kile kitundu, akasema, "Hapo kijana nimepita mimi mwenyewe. Tuliambiwa tulainishe mpaka pawe kama meza, na mkaguzi alipokuja akafurahi sana."

Hayo maneno nimetembea nayo mpaka leo, kwa sababu baadaye kazi yangu ikawa ndo hiyo ya kupima, yaani mimi ndo nikawa mtu anayeandika kwenye fomu kwamba hapa uoto umerudi au haujarudi.

Sasa ili tuelewane lazima niseme kidogo kuhusu sheria yenyewe. Marekani wana sheria ya migodi ya makaa ya wazi, wengi wanaiita SMCRA, Rais Jimmy Carter aliisaini tarehe 3 Agosti 1977. Kabla ya hapo kampuni nyingi zilikuwa zinachimba zinaondoka, mlima unabaki na kidonda, maporomoko yanashuka kwenye nyumba za watu na mito inageuka rangi. Sheria ikasema unarudisha umbo la ardhi likaribiane na lilivyokuwa, unarudisha udongo wa juu, unapanda, na kabla hujaanza kuchimba unaweka dhamana ya pesa. Ukishafukia na kusawazisha na mifereji ya maji iko sawa unaweza kurudishiwa hadi asilimia 60 ya dhamana, uoto ukishika unarudishiwa nyingine, na ile ya mwisho inakaa mpaka muda wa uwajibikaji uishe, ambao ni miaka 5 sehemu zenye mvua na miaka 10 sehemu ambazo mvua ya mwaka ni inchi 26 kushuka chini, kama milimita 660 hivi.

Sheria nzuri, mi naiheshimu kwa moyo wote, imeokoa maisha. Lakini kule Appalachia kilichotokea ni kwamba watu waliogopa maporomoko na mmomonyoko (na walikuwa na sababu ya kuogopa) wakashindilia udongo kupita kiasi, halafu wakapanda majani yanayoshika haraka, hasa feskyu ile inayoitwa Kentucky 31 pamoja na lespedeza, ili ndani ya misimu miwili mitatu mkaguzi akija akute pamefunikwa. Pakafunikwa kweli. Asilimia ya kufunika ardhi ikapita bila wasiwasi. Ila ile ilikuwa nchi ya misitu, na msitu haukurudi, mche wa mwaloni ukipandwa pale mizizi haina pa kwenda, maji juu yanaporwa na feskyu, panya wanajificha kwenye majani marefu wanatafuna gome, mche unakaa miaka mitano una urefu uleule, na unayeuona hai hujui kama unaishi au unachelewa tu kufa. Ndo maana mwaka 2004 serikali za majimbo ya kule na serikali kuu wakaanzisha mpango wa kurudisha misitu, unaitwa ARRI, mbinu zake zinasema uache udongo unaofaa mizizi angalau futi 4, usishindilie juu, upande majani mafupi yasiyoshindana na miti, uchanganye miti ya mbao na miti inayovutia wanyama na kutuliza udongo, na upande kwa uangalifu. Ukiangalia ardhi iliyofanyiwa hivo mwaka wa kwanza inatia aibu, mabonge mabonge, udongo mtupu unaonekana, kama shamba la mtu mvivu. Rudi baada ya miaka kumi.

Mwaka 2010 nikahamia Wyoming, kwenye bonde la Powder River, karibu na mji wa Gillette, ambako ndiko kunatoka makaa mengi kuliko sehemu nyingine yoyote Marekani. Huko ni dunia tofauti kabisa, hakuna msitu, ni nyika kavu yenye nyasi fupi na sejibrashi, kile kichaka cha rangi ya kijivu chenye harufu kali, na upepo ambao haupumziki. Muda wa uwajibikaji kule ni ile miaka 10. Nikaajiriwa kama msaidizi wa upimaji uoto, msimu wa kwanza kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga magoti.

Nieleze maana wengi hawajawahi kuona. Mnapewa namba za nasibu za kutoka kwenye kompyuta, mnatafuta hiyo pointi kwa GPS, mnafunga tepu pale mnainyoosha mita 50 kuelekea upande ambao nao umechaguliwa kwa nasibu. Halafu kila baada ya mita moja au nusu mita unashusha pini nyembamba ya chuma wima, unaandika ncha imegusa nini: jani na ni la mmea gani, majani makavu yaliyoanguka, jiwe, au udongo mtupu. Basi. Jani, jani, kavu, udongo, udongo, jani. Upepo unapeperusha jani, unasubiri litulie, unashusha tena. Kwa siku mtu unashusha pini mara mia nyingi mpaka ukifumba macho usiku unaona udongo. Kwingine mnaweka fremu chini, mnakata kila kitu kilichoota mwaka huo mpaka usawa wa ardhi, mnatia kwenye mfuko wa karatasi, mnakausha kwenye oveni mpaka uzito uache kushuka, mnapima, hiyo ndo mavuno.

Kosa langu la kwanza kubwa lilihusu pini. Wiki ya pili mimi na mwenzangu tulipima mstari mmoja, yeye kaenda mimi nikafuata, tepu haijaguswa. Yeye akapata udongo mtupu mwingi kunizidi kwa tofauti ambayo si ya kawaida. Tukabishana. Mama mmoja mtaalamu wa mimea aliyekuwa anatuongoza akaja akakaa chini kwenye nyasi akaniambia shusha pini nione, nikashusha, akasema tena, nikashusha, halafu akanishika mkono. Nilikuwa naisogeza. Kidogo sana, nusu sentimita hivi, kila pini ikielekea kwenye udongo mkono wangu ulikuwa unaipeleka kwenye jani lililo karibu, bila mimi kujua, kwa sababu moyoni nilikuwa nataka lile eneo lifaulu. Akaniambia, "Ardhi haihitaji huruma yako, inahitaji useme ulichokiona." Toka hapo nikajifunza kutazama ncha ya pini tu, sitazami chini itaangukia wapi.

Na huo ulikuwa udanganyifu usio wa makusudi. Wa makusudi nao nimeuona, pointi imeangukia kwenye upara wa ardhi, bosi mmoja (kampuni siitaji) akasema sogezeni hatua mbili tatu hapo si pazuri. Mkishasogeza moja tu zile namba zote zinazobaki hazina maana tena, kwa sababu upara ule ni sehemu ya eneo kama sehemu nyingine na una haki ya kuhesabiwa. Nilikataa siku hiyo, mikono ikitetemeka maana nilikuwa mgeni na kazi nilikuwa naihitaji, na yule mama akasimama upande wangu.

Kitu cha pili ni ile asilimia yenyewe. Kanuni inasema eneo likifikia asilimia 90 ya kiwango basi limefaulu, na sampuli zitumie kiwango cha uhakika cha asilimia 90. Kiwango chenyewe mara nyingi kinatoka kwenye eneo la rejea, yaani kipande cha nyika ya asili kisichochimbwa ambacho mnakipima pamoja na chenu. Tuseme rejea imefunikwa asilimia 60, basi nyie mnatakiwa 54. Inaonekana rahisi lakini angalia hesabu inavyoanza: ukianza kwa kudhani eneo limefaulu mpaka ithibitike limefeli, basi mtu mwenye sampuli chache na zilizotawanyika sana anapita kirahisi, kwa sababu hesabu haiwezi kuthibitisha chochote dhidi yake. Uvivu unageuka faida. Ndo maana kuna kipimo cha kuhakikisha sampuli zinatosha, kadiri namba zenu zinavyopishana ndivyo mnavyotakiwa kurudi kupima zaidi, na mi nilikuwa nachukia sana kurudi ila siku nilipoelewa sababu nikaacha kulalamika. Siku hizi ripoti ikija mezani kwangu kabla sijaangalia wastani naangalia zilipimwa sampuli ngapi na zimepishana vipi.

Halafu kuna swali la nani yumo ndani ya hiyo asilimia, na hili ndo lilinibadilisha kuliko yote. Mwaka 2011 mvua na theluji zilikuwa nyingi kule, nyika ilijaa, eneo letu moja la miaka saba hivi likapata namba nzuri sana, lilizidi hata rejea. Ofisini watu walifurahi, na mi nilifurahi. Yule mama akachukua karatasi zangu za shambani akakaa na kalamu, akaanza kutenganisha. Majani ya kudumu huku, ya mwaka mmoja huku. Karibu nusu ya tulichohesabu ilikuwa chitigrasi na ndugu yake bromu ya Kijapani, nyasi za kuja zisizo za pale, zinaota vuli, zinakuwa kijani mapema kabla ya wengine hawajaamka, mwezi wa sita zimeshakauka zimekuwa kiberiti. Akasema subirini mwaka mkavu.

Hatukusubiri sana. 2012 ukame ulipiga Wyoming vibaya mno, moja ya miaka mikavu kabisa katika kumbukumbu zao. Tulirudi kwenye eneo lilelile, tepu zilezile. Naikumbuka ile asubuhi maana nilishusha pini ishirini na kitu mfululizo, udongo, kavu, udongo, udongo, kavu, nikawa nasikia sauti ya chuma kikigusa ardhi ngumu, tik, tik. Zile nyasi za mwaka mmoja hazikuota kabisa. Upande wa pili wa uzio kwenye rejea nako kulikuwa kumekauka, kumepauka, lakini mashina ya nyasi za asili za kudumu yapo, blugrama imejikunja imelala ardhini inasubiri, witigrasi ya magharibi ina majani mawili matatu ya bluu bluu, udongo umeshikiliwa. Mwaka mmoja nyuma namba zilisema hawa wawili ni sawa.

Na sheria yenyewe ilishasema! Ukisoma kanuni inataka uoto uwe wa aina mbalimbali, wenye kufanya kazi, wa kudumu, uwe na majira yaleyale ya kuota kama uoto wa mwanzo, uweze kujizalisha wenyewe. Tatizo ni kwamba kufunika ardhi kunapimika kwa pini ndani ya siku moja, kudumu hakupimiki kwa siku moja, kwa hiyo watu wote tunakimbilia kile chenye namba. Hayo majira ya kuota peke yake yangestahili heshima zaidi, maana maeneo mengi niliyopima yalikuwa na nyasi zinazopenda ubaridi tupu, zinazokua mwezi wa tano na wa sita, ukifika wa nane hakuna kitu kibichi, wakati nyika ya asili ina blugrama inayokuja na joto. Ukipima mwezi wa sita hutagundua.

Rejea nayo usiiamini kwa kuwa tu imeandikwa rejea. Kuna moja uzio wake ulilegea, ng'ombe wa jirani wakawa wanaingia, wameila mpaka kwenye mizizi, na ile kampuni niliyokuwa nafanyia kazi haikuona haraka ya kuutengeneza uzio, maana rejea ikichakaa kiwango kinashuka na lenu linapita. Hakuna aliyesema hivo kwa mdomo. Ila uzio ulikaa umelala msimu mzima. Tangu hapo nikifika naanza kutembea rejea nzima kwanza, naangalia kinyesi, njia za ng'ombe, urefu wa nyasi ndani na nje, ndo nafungua tepu.

Jambo lingine linaloniuma ni saa ya miaka kumi. Ukipanda mbegu upya au ukaongeza mbolea au ukamwagilia kama nyongeza, saa inaanza upya. Nia yake ni njema kabisa, wanataka kuona ardhi inasimama bila kushikiliwa mkono. Lakini nimeona kipande kina upara wa wazi, kinaanza kuchimbika vijifereji, kila mtu anajua kinahitaji mbegu, na hakuna anayekigusa kwa sababu ni mwaka wa nane. Wanaomba Mungu mvua inyeshe. Mi nasema upara wa mwaka wa pili usiuonee haya, utibu mwaka huohuo.

Sejibrashi ndo shule yangu ya mwisho. Mbegu zake ndogo kama vumbi, hazitaki kufukiwa, zinataka kulala juu ya udongo, na mche wake hauwezi kushindana na nyasi, kwa hiyo ile tabia ya kumwaga mbegu nyingi za nyasi ili pafunike haraka ndo inayoua sejibrashi, bado hujahesabu sungura na swala wanaokuja kuitafuna. Wyoming waliweka kanuni ya vichaka, asilimia 20 ya eneo linalohusika iwe na mabaka ya vichaka yenye wastani wa kichaka 1 kwa mita 1 ya mraba, na wana sababu, kuna ndege anaitwa sejigrausi, jamii ya kwale, bila sejibrashi huyo ndege hana maisha, wakati wa baridi chakula chake karibu chote ni hayo majani. Kuhesabu vichaka ni mateso maana havikai kwa mpangilio, hapa vimebanana hamsini, ukitembea dakika tano hakuna hata kimoja, sampuli zinapishana vibaya, mnarudi tena na tena.

Na hata ukivihesabu, namba haikuambii umri. Nimepita kwenye baka lenye vichaka vya kutosha kabisa kwenye fomu, vyote vya urefu mmoja, vyote vimepandwa mwaka mmoja, chini yake hakuna mtoto hata mmoja. Hilo baka lilifaulu na karatasi zake ni halali, ila mi sikulala vizuri.

Kwa hiyo nikawa na tabia yangu, nikimaliza tepu, wenzangu wakiwa wanakunywa maji kwenye gari, napiga magoti tena chini ya kichaka kikubwa, naparua majani makavu taratibu kwa kidole natafuta miche. Miaka mingi sikuona kitu. Msimu wangu wa mwisho pale, 2018, mwezi wa sita, kwenye eneo ambalo udongo wake wa juu uliletwa moja kwa moja toka machimbo mapya bila kulundikwa kwenye rundo, na nyasi walizipanda kwa uchache, nikaparua nikaona kitu cha kijivu. Urefu kama ukucha wa kidole gumba. Majani yake yana meno matatu pale kwenye ncha, nikayasugua na harufu ikaja ileile. Hakuna aliyekipanda. Nikasogea kichaka cha pili nikakuta viwili, cha tatu kimoja, vingine vikubwa kidogo vya mwaka uliopita.

Nikamwita yule mama, akaja polepole maana magoti yalishamsumbua, akalala kabisa kifudifudi kwenye ile ardhi iliyowahi kuwa shimo, akatazama kwa lenzi yake bila kusema kitu. Fomu haikuwa na sehemu ya kuandika hicho. Nikageuza karatasi nyuma nikaandika kwa mkono namba ya mstari, idadi ya miche na urefu wake, na mama akachukua kalamu akaweka sahihi yake chini ya yangu.